Shali ya uzi uliotiwa rangi kwa mkono: beseni kwanza, sindano baadaye

Shali nyingi za uzi uliotiwa rangi kwa mkono huharibika kabla kitanzi cha kwanza hakijaanzishwa. Mfumaji anapenda rangi, anauviringa uzi kuwa donge jioni ileile, anaanza kufuma. Wiki kadhaa baadaye analowesha shali iliyokamilika, na nyekundu inachuja juu ya nyeupe. Hapo hakuna wa kumlaumu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kujua mapema kwa beseni la maji na kitambaa cheupe. Kwa hiyo tunaanza na beseni.

Uzi wa namna hii huja ukiwa shada, yaani duara kubwa la nyuzi lililosokotwa na kukunjwa, ambalo mzingo wake mara nyingi ni mita 1.5 hivi. Usifume moja kwa moja kutoka kwenye shada. Utakuwa unafumua mafundo mpaka usiku. Lifungue, lining'inize, ulikague. Angalia pale lilipofungwa kwa vijiuzi: kijiuzi kikikazwa sana, rangi haipenyi chini yake, na hubaki doa jeupe. Angalia pia kama kuna fundo la kiwandani, maana fundo katikati ya mstari wa lesi ni balaa, ila ukilijua mapema utaukata uzi hapo na kuunga kwenye ukingo.

Kisha jaribio. Kata uzi wa sm 30, uloweshe kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, uviringe ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kilicholowa, ubonyeze vizuri, uache usiku kucha. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea. Kikipata rangi, osha shada lote kabla ya kulifuma. Maji ya kwanza yakiwa na rangi, ya pili yakapungua, ya tatu yakatoka safi, hiyo ilikuwa rangi ya ziada tu iliyokuwa imekaa juu ya nyuzi. Lakini kama maji ya sita bado yana rangi, rangi yenyewe haikushika, na hata ukiosha mara ishirini utabaki palepale. Nyekundu iliyokolea, nyeusi na feruzi ndizo zenye sifa mbaya zaidi.

Rangi ya kiwandani inayotumika kwa sufu, hariri na nailoni huitwa rangi ya asidi, si kwa sababu inaunguza, bali kwa sababu inahitaji asidi ili ishike: siki au asidi ya sitriki. Asidi huufanya unyuzi uivute rangi, na joto huisaidia rangi kuingia ndani. Kimoja kikikosekana, rangi hubaki nje. Ndiyo maana ule ushauri wa kulowesha uzi kwenye siki baridi hauna faida kubwa, na chumvi ndiyo haifai kabisa kwa kazi hii. Dawa ni kurudia kile ambacho hakikukamilika. Weka shada lililolowa ndani ya sufuria ya maji baridi yanayolifunika vizuri, ongeza vijiko vikubwa 2 au 3 vya siki kwa kila lita, pandisha moto polepole mpaka nyuzijoto 80 hadi 85, shikilia hapo dakika 30, kisha zima na uache vipoe pamoja ndani ya sufuria. Usikoroge. Maji yasitokote, hasa kama kuna hariri, maana hupoteza mng'ao wake. Na kama kwenye sufuria hiyo umewahi kutia rangi, isirudi tena kwenye chakula.

Hayo yote hayahusu pamba. Rangi za pamba hushika kwa njia nyingine kabisa, na siki haizisaidii. Nili nayo ina tabia yake: huachia buluu vidoleni na kwenye sindano wakati wa kufuma hata kama imetiwa vizuri, kwa sababu sehemu yake hukaa juu ya unyuzi. Itapungua kwa kuoshwa. Tumia tu sindano za chuma, kwa kuwa za mbao hunywa rangi. Uzi uliotiwa rangi ya bizari ya manjano utafifia juani hata kama umetengenezwa na fundi bora, na sabuni kali itaugeuza kuelekea wekundu. Mwenye uzi huo ajue anachokishika.

Rangi huamua mtindo

Kuna uzi wa rangi moja yenye vivuli, hapa umekolea, pale umepauka. Kuna wenye rangi nyingi zinazopokezana kwa vipande virefu. Kuna wenye madoadoa juu ya msingi mweupe au wa kijivu. Makosa makubwa ya shali hutokea hapa: watu huchukua uzi wenye rangi sita na kuufumia lesi ya majani na maua. Jicho halioni jani wala rangi. Vyote viwili vinagombana. Lesi ipewe uzi wenye vivuli vya rangi moja. Uzi wenye rangi nyingi au madoadoa upewe ufumaji wa matuta, ule wa kufuma kitanzi cha kawaida kila mstari, mbele na nyuma. Matuta huvunja rangi na kuzichanganya, shali haijikunji kingoni, na inavalika pande zote mbili. Kwetu huo ndio ufumaji unaouheshimu uzi wa mkono kuliko wowote.

Rangi nyingi zina tabia ya kukusanyika kuwa mabaka, na kuna hesabu nyuma yake. Kama mzingo wa shada ni mita 1.5 na kila kitanzi kinakula sm 1.2 hivi, basi mpangilio wa rangi hujirudia kila baada ya vitanzi 125 hivi. Mstari wako ukifika karibu na vitanzi 62, na tena karibu na 125, rangi ileile itaanza kuangukia juu ya mwenzake. Kwenye shali inayopanuka, mabaka hayo hayakai sehemu moja. Huhama kwa mshazari, yakajichora kama umeme. Wengine wanayapenda. Usipoyapenda, fuma kwa mashada mawili: mistari miwili kwa shada la kwanza, mistari miwili kwa la pili, ukibadilisha kila mara kwenye ukingo uleule. Unapochukua uzi uliokuwa umesubiri, uache ulegee kidogo. Ukiuvuta, ukingo huo utakuwa mfupi kuliko mwenzake, na hakuna kuwamba, yaani kuivuta shali ikiwa imelowa na kuibana kwa pini mpaka ikauke, kutakakounyoosha.

Njia hiyohiyo ndiyo huokoa shali ya mashada mawili yaliyotoka sufuria tofauti. Fundi wa rangi hutia mashada machache kwa wakati mmoja, na hata machache hayo hayafanani. Ukimaliza moja ndipo uunge jingine, utaona mstari wazi pale yalipokutana. Nunua yote kwa pamoja, yapange kwenye mwanga wa mchana, na anza kuyapokezanisha tangu mwanzo, au walau mistari 20 kabla la kwanza halijaisha.

Kipimo, uzito na hesabu

Uzi mwembamba unaopendwa kwa shali huwa na mita 400 hivi kwa gramu 100. Kwenye soksi uzi huo hufumwa kwa sindano za mm 2.25 au 2.5; kwenye shali panda hadi mm 4, wakati mwingine 4.5, kwa sababu shali inatakiwa ianguke begani, isisimame. Tumia sindano ya mviringo yenye waya wa sm 80 au 100, ingawa hufumi duara, maana mamia ya vitanzi hayatakaa kwenye sindano iliyonyooka.

Fuma kipande cha majaribio: vitanzi 30, mistari 60 ya matuta. Kipime, kiloweshe dakika 20, kikaushe kikiwa kimelala, kipime tena. Tuseme umepata vitanzi 20 na mistari 40 kwa sm 10. Sufu iliyotibiwa kiwandani ili isigandamane hutanuka ikilowa, wakati mwingine sana, kwa hiyo kipimo cha kabla ya maji usikiamini. Sasa kipime uzito kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kipande hiki kina vitanzi 1,800. Kikiwa na gramu 5.4, kila vitanzi 1,000 vinakula gramu 3. Shikilia namba hiyo, itakusaidia mbele.

Viringa donge kwa ulegevu, vidole viwili vikiwa chini ya uzi. Uzi uliokazwa hukaa umenyooka kwa muda, unafumwa hivyo, na ukiguswa na maji unajirudi, shali ikapungua.

Sasa pembetatu inayoanzia katikati ya shingo. Anzisha vitanzi 3, fuma mistari 6. Una kitepe chenye matuta matatu. Kigeuze robo mzunguko, okota vitanzi 3 ubavuni, kimoja kwa kila tuta, kisha vitanzi 3 kwenye ukingo ulioanzia. Jumla ni 9. Ukianza bila kitepe hiki, kutabaki kinundu katikati ya ukingo wa juu, mahali penyewe panapokaa shingoni.

Mstari wa kwanza wa mbele: fuma 3, tupia uzi (uzungushe juu ya sindano upate kitanzi kipya chenye tundu chini yake), fuma 1, tupia uzi, fuma 1 ambacho ndicho uti wa shali, tupia uzi, fuma 1, tupia uzi, fuma 3. Sasa ni 13. Kitie kile cha katikati kipete cha alama. Mstari wa nyuma fuma vyote, isipokuwa uti, ambao ukiufuma kwa kitanzi cha kinyume, uzi ukiwa mbele ya kazi badala ya nyuma, utaonekana mbele kama msitari mmoja safi. Kuanzia hapo kila mstari wa mbele ni uleule: fuma 3, tupia uzi, fuma hadi utini, tupia uzi, fuma uti, tupia uzi, fuma hadi vibaki 3, tupia uzi, fuma 3. Kila mara vinaongezeka 4. Kwa hiyo wakati wowote idadi yako ni 9 ukijumlisha mara nne ya mistari ya mbele uliyofuma: baada ya mistari 20 ni 89, baada ya 84 ni 345. Hesabu kila baada ya mistari kumi, na hesabu kila ubavu peke yake. Jumla inaweza kuwa sahihi huku ubavu mmoja una viwili zaidi, ukiwa umetupia uzi upande usio wake.

Ukigundua kwenye mstari wa nyuma kwamba ulisahau kutupia, usifumue. Inua kwa ncha ya sindano ule uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, uufume kama kitanzi kipya. Tundu litakuwa dogo kidogo kuliko wenzake na halitaonekana baada ya kuwambwa.

Matuta yana uzuri mwingine hapa: mistari miwili ina kimo sawa na upana wa kitanzi kimoja, hivyo kila nusu ya shali hufungua pembe ya mraba na ukingo wa juu unanyooka wenyewe. Ukitumia ufumaji laini, ule wa kawaida mbele na kinyume nyuma, kitanzi huwa kirefu zaidi, na ukingo wa juu hupinda. Huo utahitaji kuvutwa kwa nguvu kwenye kuwamba, au kuongezwa vitanzi kingoni hata kwenye mstari wa nyuma.

Turudi kwenye mizani. Mistari 84 ya mbele na 84 ya nyuma ina vitanzi 30,072. Kwa gramu 3 kwa kila elfu, ni gramu 90. Shada la gramu 100 linatosha, na kunabaki uzi wa kufungia. Lakini jihadhari na macho: pembetatu ikifika mstari wa 59 wa mbele, kati ya 84, unaona umebakiza kidogo, kumbe umetumia nusu tu ya uzi. Mistari 25 ya mwisho inakula nusu nzima iliyobaki. Wengi hubadilisha mtindo au kuongeza pindo pana hapo kwa kuamini donge, kisha wanaishiwa katikati ya mstari. Pima donge kabla na baada ya mistari miwili, utajua mistari mingapi imebaki.

Ukiwa na sehemu ya lesi, pitisha uzi wa usalama kila baada ya mistari 10 au 20: uzi wa pamba mwembamba, mlaini, mweupe, upite ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, usipite ndani ya vipete. Weupe ni muhimu. Uzi wa rangi ukichuja utakuachia msitari kwenye shali.

Kufunga vitanzi ndipo kazi nzuri hunyongwa. Ukingo wa chini wa shali hii una zaidi ya mita 1.7 na utavutwa zaidi. Ukifungwa kwa namna ya kawaida, iliyokaza, ncha haitatoka. Chukua sindano ya mm 5. Fuma viwili pamoja kupitia nyuma yake, rudisha kitanzi kilichopatikana kwenye sindano ya kushoto, fuma tena viwili pamoja kupitia nyuma, na kuendelea mpaka mwisho. Tenga uzi wenye urefu mara nne ya ukingo, hapa mita 7 hivi, ambao ni chini ya gramu 2. Mikia ya uzi iache sm 15, ifiche kwa mshazari, lakini usiikate bado.

Kuwamba

Shali iliyotoka sindanoni ni kitu kilichojikunyata. Ilaze kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzijoto 30 hivi, yenye sabuni kidogo isiyo kali, dakika 20. Ikamue kwa kubonyeza, iviringe ndani ya taulo na uikanyage. Kisha iwambe kama ngozi ya ngoma: juu ya godoro au zulia safi lililotandikwa shuka jeupe, kwa pini zisizoshika kutu. Bana kwanza uti, juu na chini. Halafu ukingo wa juu, kutoka katikati kwenda kwenye mbawa, ukinyoosha sawasawa. Mwisho kingo mbili za chini. Shali ya hesabu yetu ina upana wa sm 119 hivi kabla ya kuvutwa. Ipe 135 na itaufuata mkono wako bila kuteseka. Pini zikiwa mbalimbali sana, ukingo hutoka na meno usiyoyataka. Ama uziweke kila sm 4, ama upitishe uzi mnene wa pamba ndani ya ukingo wote na uuvute huo.

Usibandue mpaka ikauke kabisa, hata kama juu inaonekana kavu. Ikibanduliwa na unyevunyevu hurudi ilikotoka. Ndipo sasa ukate mikia: ungeikata kabla, kuvutwa kungeichomoa. Sufu na hariri hushika umbo kwa maji tu. Akriliki haishiki, na mvuke ukiizidi hulegea moja kwa moja.

Kuifua na kuitunza

Unyuzi wa sufu una magamba madogo. Sabuni na joto huyafungua, msuguano huyafungamanisha, na hayaachani tena. Kwa hiyo usisugue, usisokote, usifungulie bomba juu ya shali, na maji ya kusuuzia yawe na joto lilelile la maji ya kufulia. Sabuni ya unga yenye vimeng'enya vya kula protini ni adui, kwa sababu sufu na hariri ni protini. Dawa ya kung'arisha yenye klorini huzila kabisa. Shampuu ya kawaida, kijiko kidogo kwa beseni, inatosha. Inue kwa mikono yote miwili ukiibeba kama mtoto mchanga, kwa maana uzito wa maji pekee unaweza kuirefusha upande mmoja. Isianikwe kwenye kamba wala juani.

Usiifue kila unapoivaa. Sufu hujisafisha vizuri kwa hewa. Itandaze usiku mmoja penye kivuli. Ifue inapochafuka, na lazima kabla ya kuihifadhi kwa muda mrefu. Wanaokula sufu si nondo wanaoruka bali viwavi wao, nao hupenda zaidi palipo na jasho na mafuta ya mwili. Ihifadhi imekunjwa ndani ya mfuko uliofungwa, gizani, na ukiifungua ukunje mahali tofauti na mara ya kwanza, kwani mkunjo wa kudumu huchoka na mwanga hupausha sehemu iliyo juu. Ukiona vitundu au viota vya utando, itie kwenye mfuko usiopitisha hewa, igandishe kwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri wiki mbili, na usiufungue mfuko mpaka urudi kwenye joto la chumba, ama sivyo unyevu utatua juu ya sufu.

Vitonge vya manyoya vitatokea, hasa kwa merino, ile sufu laini, ya uzi mmoja usiosokotwa pamoja na mwingine. Vikate kwa mkasi. Ukivichomoa unavuta nyuzi nyingine nje na kuandaa vitonge vya mwezi ujao. Uzi ukinaswa na hereni ukatoka kitanzi kirefu, usikate. Kwa sindano butu vuta kitanzi jirani, kisha kinachofuata, mpaka ule urefu ugawanyike pande zote mbili na upotee.

Zile gramu 8 zilizobaki usizitupe. Zifunge kishada kidogo pamoja na lebo ya uzi, na kila unapofua shali, kifue na hicho kishada, ukikaushe pamoja nayo. Rangi zitafifia kwa mwendo mmoja. Siku kitanzi kitakapokatika, utakuwa na uzi wa rangi ya shali ilivyo siku hiyo, si ilivyokuwa siku ilipotoka sufuriani. Anzia vitanzi vitatu kabla ya tundu, fuata kwa sindano njia ileile ya uzi wa zamani, maliza vitatu baada yake, loweka na uwambe sehemu hiyo peke yake.